Rejeo Lililofungwa

Masanduku ya onyo yaligoma. Bi Koma aliuchagua mwongozo wote kwenye kompyuta, kutoka jalada hadi ukurasa wa mwisho, akabonyeza kitufe cha kusasisha, na namba zote zikajipanga upya isipokuwa zile zilizokuwa ndani ya masanduku. Alibonyeza tena. Zikabaki vilevile, zimeandikwa kwa maneno: sura ya pili, sura ya nne, sura ya sita.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kampuni ilifunga na kutengeneza lifti, na yeye ndiye aliyehariri miongozo ya mafundi. Asubuhi hiyo alikuwa amefungua mwongozo wa lifti za abiria, uliotoka kwa mchapaji wiki iliyopita, ili autumie kama msingi wa mwongozo wa lifti za mizigo. Mhandisi mkuu alikuwa amebadili mawazo. Safari hii alitaka tarakimu kila mahali, hata kwenye maonyo. Kwa Bi Koma hilo lilikuwa jambo la kubonyeza mara moja na kwenda kunywa chai.

Aliweka kishale juu ya neno "sita". Kivuli cha kijivu kikatokea, ishara kwamba lile ni rejeo, yaani maneno ambayo kompyuta huyaandika yenyewe kwa kuchungulia namba ya kichwa fulani mahali pengine kitabuni. Kichwa kikihama, namba ikabadilika, rejeo nalo hufuata. Ndiyo maana aliwakaripia wahandisi walioandika "tazama sura ya 4" kwa mkono. Vidole vinasahau, aliwaambia.

Basi kwa nini hili halikufuata? Alilibonyeza. Kompyuta ikampeleka moja kwa moja kwenye kichwa kinachosema Kukata Umeme. Sawasawa kabisa. Onyo lilisema, "Kabla ya kulegeza breki kwa mkono, kamilisha hatua zote za sura ya sita," na huko ndiko fundi alikotakiwa kwenda. Ndipo alipoiona namba iliyo mbele ya kichwa hicho. Saba.

Alirudi nyuma kurasa chache kuitafuta sura ya sita. Iliitwa Kuendesha Lifti kwa Umeme wa Majaribio.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kiti chenye magurudumu kilirudi nyuma hadi kikagonga kabati.

Hakuwa na haja ya kuuliza nani aliyeyafunga marejeo yale. Ofisi nzima hakuna mwingine aliyejua kwamba rejeo linaweza kufungwa. Walipokuwa wakiandaa toleo jipya, mhandisi mkuu alisema chumba cha mashine kina mwanga hafifu na mafuta kila mahali, na fundi anaweza kuona 6 akasoma 8. Basi kwenye maonyo namba ziandikwe kwa maneno. Hoja ilikuwa nzuri. Kompyuta ilijua kuandika namba kwa maneno ya lugha kadhaa, lakini Kiswahili hakikuwamo. Bi Koma akaandika neno juu ya kila rejeo, na kila aliposasisha kitabu kompyuta ikalifuta neno lake na kurudisha tarakimu. Alivumilia, kisha akachoka. Akayafunga moja moja, yasiguswe tena. Yalipendeza.

Baadaye wakaguzi wakataka sura mpya kuhusu umeme wa majaribio, na mahali pake palikuwa baada ya sura ya tano. Aliiingiza, akasasisha kitabu chote, akakipitia kwenye kioo cha kompyuta akibonyeza rejeo baada ya rejeo kuona linampeleka wapi. Kila moja lilimpeleka panapostahili. Rejeo lililofungwa bado linaijua njia. Linachokosea ni jina la mahali linapokwenda. Kwenye kioo hilo halina madhara. Lakini karatasi haibonyezwi.

Na karatasi hiyo, saa hiyo, ilikuwa inasomwa kwa sauti mbele ya wifi yake.

Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa mwanamke mrefu mwembamba ambaye mafundi walimwita Spana. Yeye ndiye aliyembandika mwenzake jina la Bi Koma, tangu siku alipomwona bibi harusi mtarajiwa akisahihisha kadi za mwaliko wa harusi yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, wakwe wote wakitazama. Waliishi nyumba moja, wakagombania bafu moja, na kwa kuwa ni mawifi hapakuwa na neno ambalo mmoja hakuweza kumwambia mwenzake. Leo Spana alikuwa anafanya mtihani wa leseni ya ufundi.

Mtihani huo hufanywa kwa mtindo wanaouita soma-tenda. Fundi mmoja anashika mwongozo na kusoma hatua. Mtahiniwa anairudia kwa sauti, kisha anaitenda. Akitenda jambo ambalo halijasomwa, ni kosa. Likisomwa asilitende, ni kosa. Ana ruhusa moja tu ya kuukatiza mtiririko huo: anaweza kutamka "Nasimama" na kutoa sababu. Sababu ikiwa ya kweli, amefaulu hatua hiyo. Ikiwa si ya kweli, ameanguka mtihani wote.

Mwaka uliopita Spana alikuwa ameanguka. Msomaji alikuwa hajafika kwenye mota, yeye akaona boliti imelegea, akaikaza. Mtahini akafunga faili lake na kuuliza ngazi zilipo. Boliti ilikuwa imelegea kweli, hakuna aliyebisha, lakini haikuwa imesomwa. Anayeanguka mara ya pili hurudi kubeba vifaa vya wenzake na hapewi nafasi nyingine.

Ndiyo maana Bi Koma alikuwa amemfundisha jioni kwa jioni kwenye meza ya kulia, kwa nakala ya toleo la zamani, yeye akisoma na Spana akitenda kwa vijiko na vifuniko vya sufuria.

"Mbona unaruka?" alimwambia siku moja. "Sijakusomea hiyo."

"Lakini wifi, mtu si ana kichwa?"

"Kichwa kiache kwenye ngazi. Ukiona neno limekushangaza, ujue hujalisikia vizuri. Omba lirudiwe, ulitende."

"Haya, Bi Koma. Siku ukiniandikia niruke dirishani nitaruka. Nitauliza tu ni dirisha lipi."

Maneno hayo yalikuwa yanamzunguka kichwani sasa, na hayakumchekesha. Alipiga simu ya Spana. Ililia muda mrefu, ikapokelewa na sauti ya mwanamume mzee.

"Haloo. Simu hii ina mwenyewe."

"Najua ina mwenyewe. Yuko wapi?"

"Yuko juu kwenye mtihani. Mimi ni mlinzi wa mlangoni. Simu zote ziko kwangu ndani ya sanduku, hii imenisumbua mpaka nimeamua kuishika."

"Baba, tafadhali, panda ukamwite. Mwambie wasimamishe."

"Nipande?" Mzee alicheka kidogo, kwa adabu. "Mama, jengo hili lina ghorofa kumi na moja, na lifti imezimwa. Wanafanyia mtihani lifti hiyohiyo."

"Kuna ngazi."

"Ngazi zipo. Magoti ndiyo hayapo. Halafu nikiondoka mlangoni na kazi nayo inaondoka. Njoo mwenyewe, nitakufungulia."

Bi Koma alikata simu. Alichukua nakala moja ya mwongozo kutoka kwenye rafu, akafungua ukurasa wa onyo, akakata neno "sita" kwa kalamu nyekundu na kuandika "saba" juu yake. Kisha akaenda kwa mhandisi mkuu, ambaye alikuwa anamenya karanga juu ya ramani ya jengo la mtu.

Alimweleza kwa ufupi, kama ripoti. Mhandisi aliacha kumenya.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hebu nione." Alisoma, akageuza kurasa hadi sura ya sita, akarudi. "Kwa hiyo msomaji akifika hapa anamwambia awashe umeme wa majaribio, halafu alegeze breki na kushika gurudumu la mkono."

"Ndiyo."

"Mota ikiwa na umeme."

"Ndiyo."

Hakuna kati yao aliyeeleza linalofuata. Gurudumu la mkono hushikwa umeme ukiwa umekatwa, ili fundi alizungushe taratibu na kukisogeza chumba cha lifti hadi kwenye mlango. Umeme ukiwapo, mota inaweza kulizungusha yenyewe, na mikono iliyolishika inazunguka nalo.

"Sikiliza," mhandisi alisema. "Pale pana mtahini. Miaka yote hii ameona mengi. Hawezi kumwacha mtu aumie mbele yake. Kaa chini, tumpigie."

"Simu yake iko kwenye sanduku la mlinzi pamoja na nyingine."

"Nani aliyeandika hiyo kanuni ya simu?"

"Mimi. Ukatia saini wewe."

Mhandisi alitikisa maganda ya karanga kutoka kwenye ramani. "Ukiingia mle ndani katikati ya mtihani, ujue unachofanya. Mtahini hapendi kuingiliwa. Huyu binti tayari ana alama moja mbaya."

"Nisipoingia?"

"Usipoingia, mtahini atamzuia kabla hajashika."

"Na akimzuia yeye, si Spana aliyesimama. Ameanguka."

Bi Koma alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Teksi ilimchukua hadi kwenye mzunguko wa pili, ikakwama. Katikati ya barabara walikuwa wanachimba kuweka mabomba, na mtu mmoja mwenye bendera nyekundu aliruhusu magari ya upande wa pili yapite, kisha akasahau upande huu kwa sababu alikuwa anaongea na muuza miwani. Dereva alizima injini.

"Leo tutazeeka hapa," alisema.

"Kwa mguu ni mbali?"

"Kwa mguu utafika kabla yangu. Lakini viatu hivyo, dada, si vya vita."

Alilipa, akashuka. Alitembea kwa haraka kando ya mtaro, mwongozo ukiwa kwapani, akipita maduka ya vigae, duka la magodoro, kinyozi aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Hakukimbia. Kukimbia kungemfanya ashindwe kufikiri, naye alikuwa na hesabu ya kufanya. Marejeo yaliyoelekea sura ya kwanza hadi ya tano hayakuwa na hitilafu, kwa sababu sura mpya iliingia baada yao. Hatari ilikuwa kwa yale yaliyoelekea sita na kuendelea. Alijaribu kuyakumbuka yote. Onyo la breki. Onyo la kamba za chuma, lililompeleka fundi sura ya nane, au tisa? Kulikuwa na moja la kufungua mlango ukiwa ghorofani, ambalo hakuweza kukumbuka linaelekea wapi kabisa. Aliliona sanduku lenyewe, fremu yake nyeusi, nafasi aliyoiacha juu na chini. Neno lililokuwa ndani hakuliona. Alikuwa amelitazama kwa urembo.

Halafu akahesabu upande wa pili. Mtihani ulianza mafundi walipomaliza kuvaa kofia. Sura tano za mwanzo ni za ukaguzi, zinasomwa polepole. Huenda walikuwa bado kwenye milango. Huenda Spana alikuwa amepata kikohozi. Huenda msomaji amechelewa. Alijikamata anakusanya "huenda" kama mtu anayeokota kuni, akaziacha.

Mlinzi alimfungulia kabla hajagonga. Kwenye meza yake kulikuwa na sanduku la mbao lenye simu, na ile ya Spana ilikuwa inamulika bila sauti. Jina la mumewe lilikuwa juu ya kioo, labda anampigia dada yake kumtakia heri.

"Ngazi ni hizo," mlinzi alisema. "Pumzika ghorofa ya sita, kuna benchi."

"Wameanza saa ngapi?"

"Zamani. Pumzi yako usiimalizie kwangu, panda."

Hakupumzika. Ngazi zilikuwa pana na chafu, zikiwa na dirisha dogo kila kona, na kila dirisha lilionyesha mabati yaleyale kutoka juu zaidi kidogo. Alipita ofisi ya mwanasheria, ofisi ya meno, ofisi isiyo na kibao ambamo mtu alikuwa anapiga chapa kwa hasira. Kwenye kila ghorofa mlango wa lifti ulikuwa na utepe wa njano. Kisha vibao viliisha na kuta zikawa za saruji tupu.

Aliisikia mota kabla hajauona mlango. Ilikuwa inavuma, chini na sawasawa, kama jokofu jikoni.

Basi sura ya sita ilikuwa imekwisha kutendwa.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wa chuma, umefungwa, na juu yake kibao alichokiandika yeye mwenyewe: Usiingie wakati kazi inaendelea. Nyuma yake alisikia sauti nene ya msomaji, fundi ambaye wenzake walimwita Redio. Alisoma vizuri, akitua kila mahali palipowekwa koma.

"Shika kishikio cha breki kwa mkono wa kushoto, tayari kukivuta."

"Nashika kishikio cha breki kwa mkono wa kushoto, tayari kukivuta," sauti ya Spana ilirudia. Haikuwa na utani wowote. Bi Koma hakuwahi kuisikia hivyo.

"Kwa mkono wa kulia, shika gurudumu la mkono."

Kimya. Spana hakurudia.

Bi Koma alisubiri neno, neno lolote. Kila sekunde ya ukimya ule ingeweza kuwa mtu anayetaka kutamka "Nasimama", na ingeweza kuwa mtu anayepeleka mkono. Kwa masikio hakuna tofauti. Aligonga mlango kwa ngumi, na ngumi ilipokuwa bado inalia alikuwa tayari ameufungua.

"Simameni! Mwongozo una kosa."

Aliwaona wote kwa mara moja. Redio alikuwa ameinamia kitabu, kidole kwenye mstari. Mtahini, mwanamke mfupi mwenye kofia nyeupe ya plastiki, alikuwa ameegemea ukuta karibu na ubao wa umeme, na kiganja chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu cha dharura. Spana alikuwa mbele ya mota. Kishikio cha breki kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto lakini hakijavutwa. Mkono wa kulia ulikuwa hewani kati ya kifua chake na gurudumu, vidole vimefunguka.

Mtahini alibonyeza kitufe. Mvumo wa mota ukafa.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mhariri," Redio alisema. "Ndiye mwenye kitabu."

"Na ni wifi yangu," Spana alisema bila kugeuka. "Tuishie hapo."

Bi Koma alifungua ukurasa wake wenye wino mwekundu na kueleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio: sura iliyoongezwa, rejeo lililofungwa, nani aliyelifunga na kwa nini. Mtahini alisikiliza, akachukua kitabu cha Redio, akalinganisha, akageuza kurasa mbele na nyuma.

"Kosa ni la kweli," alisema. "Ulikimbia ukihofia mkono wake?"

"Ndiyo."

"Kiganja changu kilikuwa hapa tangu walipowasha umeme. Gurudumu lisingezunguka hata robo." Alisema bila kejeli, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda posta. "Nililiona kosa walipofika kwenye onyo. Nikaacha waendelee. Nilitaka kuona atafanya nini."

"Sasa tuone," mtahini aliendelea. Alimgeukia Spana. "Hatua ilisomwa. Hukuirudia. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasimama."

"Hukutamka."

"Nilikuwa natamka. Neno liko hapa," Spana aligusa koo lake, "ndipo mlango ukagongwa kama polisi wamekuja."

"Mkono wako ulikuwa unaelekea kwenye gurudumu."

"Ulikuwa unarudi."

"Msomaji?"

"Mimi macho yangu yalikuwa kitabuni," Redio alisema. "Kanuni inasema msomaji asiinue macho."

"Mimi nilikuwa natazama kitufe na kishikio, maana breki ndiyo ingeanza." Mtahini alivua kofia yake, akafuta jasho, akaivaa tena. "Basi anabaki mmoja. Wewe mama umefungua mlango ukamtazama yeye. Kama mkono ulikuwa unarudi, alikuwa anasimama, na kusimama mbele ya kosa la kweli ni kufaulu. Nampa hatua hii, tunaendelea. Kama ulikuwa unakwenda, ameanguka. Uliona nini?"

Spana aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama wifi yake usoni. Hakukonyeza, hakuomba. Alisubiri tu, kama alivyosubiri jioni zile mezani hatua inayofuata isomwe.

Bi Koma aliitafuta ile picha. Ilikuwa safi, haikuwa na ukungu wowote: ngozi yenye mafuta, vidole vitano vimefunguka, kivuli cha mkono kwenye chuma. Ilikuwa picha moja tu. Mkono katika picha moja hauendi wala haurudi. Alijua alitaka kuona nini. Alijua pia kwamba sentensi moja fupi ingetosha, na hakuna mtu chini ya mbingu ambaye angeweza kuikanusha. Ingekuwa hata na mantiki: binti mwenye akili, umeme uko hai, bila shaka alikuwa anarudisha mkono. Lakini ni yeye mwenyewe aliyemfundisha binti huyo mwenye akili kutenda neno lililosomwa hata likimshangaza.

"Mkono ulikuwa hewani," alisema. "Umefunguka. Sijui kama ulikuwa unakwenda au unarudi."

"Hujui."

"Sijui. Niliuona mara moja tu."

Redio alikohoa. Mtahini aliandika kitu kifupi.

"Mtihani umeingiliwa," alisema. "Hauhesabiki. Hajafaulu, hajaanguka. Sahihisheni kitabu, mnipe nakala safi, nami nitapanga siku nyingine. Tutaanza upya tangu sura ya kwanza." Akamtazama Bi Koma. "Ungebaki ofisini, leo ningekuwa na jibu."

Walishuka ngazi kwa miguu, Spana mbele, amebeba kofia yake mkononi. Alipofika kwenye kona yenye dirisha alisimama ghafla, Bi Koma nusura amgonge.

"Neno moja, wifi. 'Unarudi.' Kwani lina uzito gani?"

"Sikuliona."

"Nani alikwambia uone? Kaka yangu alioa mizani ya dukani."

"Ningesema na ingekuwa si kweli, ungekuwa na leseni ambayo—"

"Ambayo nini? Sema. Ambayo nini?"

Chini yao mtu yule wa chapa alikuwa bado anapiga, bila kupumzika, kama mvua kwenye bati.

"Na ulikuja mbio wa nini?" Spana alisema. "Ungeniacha na mama yule na kitufe chake. Ningesema mwenyewe."

"Ungesema?"

"Umeanza tena."

"Nakuuliza. Si kwa ajili ya mtahini. Ungesema?"

Spana alitazama mkono wake wa kulia. Aliunyosha mbele, mahali ambapo gurudumu lingekuwa, akaurudisha kifuani, akaunyosha tena. Aliusimamisha katikati, vidole vimefunguka, akakunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwanamume mmoja mwenye mfuko wa mikate alipita akipanda, akawatazama, akajibana ukutani na kuendelea.

"Ulikuwa hapa," Spana alisema. "Hapa hasa. Nilikuwa nasikia sauti yako, omba lirudiwe, ulitende. Na nilikuwa nasikia mota." Aliusogeza mkono mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, akijaribu. "Subiri. Usiseme kitu. Subiri."

Bi Koma alisubiri. Alikuwa na marejeo ya kufungua, nakala za kurudisha kutoka kwa mafundi waliotawanyika mji mzima, na onyo moja ambalo bado hakukumbuka linaelekea wapi. Miguu ilitaka kuondoka. Spana alirudia tena, mbele, nyuma, kisha akauangusha mkono ubavuni.

"Hata mimi sijui," alisema, akaanza kushuka haraka, akizipita ngazi mbilimbili, na Bi Koma akamfuata.